Mgomba Uliokatwa Mara Mbili

Bwana Erasmus alikuwa na nyumba ndefu Kimara, yenye vyumba sita vya kupangisha, bafu moja na bomba moja la maji. Alikuwa pia na gari, na gari hilo alilipenda kuliko wapangaji wote sita ukiwajumlisha. Jioni ya Alhamisi alirudi kutoka kazini, akasimama katikati ya ua na shati lake jeupe, akatangaza kwamba Jumamosi fundi atakuja kutandaza pevingi, yale matofali ya sakafu ya ua, mpaka nyuma ya bafu, gari lipate pa kulala.

"Na hiyo migomba ing'olewe," alisema. "Inaleta mbu na uchafu. Hapa ni Dar, si shamba."

Mpangaji akishajua kodi yake inaisha lini, hujua pia lini afunge mdomo. Monica, mwalimu wa chekechea aliyepanga chumba cha mwisho, aliinamisha kichwa akaendelea kuchambua mchele. Lakini binti yake Tusajigwe, ambaye wote walimwita Tusa, aliweka daftari chini akasimama. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na miguu myembamba, na hakuwa na chumba cha kupangisha hata kimoja.

"Shikamoo baba," alisema, maana adabu anayo. "Hiyo migomba haing'oki."

Mama yake alimvuta sketi. Alikuwa amechelewa.

Migomba yenyewe ilikuwa mitatu, imesongamana pale maji ya bafuni yanapotokea. Wa kwanza ulikuwa mkubwa, umebeba mkungu ambao bado haujakomaa. Wa pili ulikuwa kijana mnene aliyefika dirishani, hajazaa bado. Wa tatu ulikuwa mdogo, unamfika Tusa magotini. Chipukizi lililoizaa yote mitatu lilitoka Tukuyu. Bibi Atuganile, mama yake Monica, alikuja nalo ndani ya basi, limefungwa gunia bichi, amelipakata njia nzima kama mjukuu. Alilipanda kwa mkono wake. Miaka miwili iliyopita bibi alifariki, na kabla hajafariki alimwita Tusa peke yake akamwambia, "Hawa ni wako. Wape maji, waondolee majani makavu, usikubali mtu awaonee." Hakumwambia mtu mwingine yeyote, na Tusa aliona hiyo ni heshima kubwa kuliko zote alizowahi kupewa.

"Ni ya bibi yangu," alisema Tusa. "Na mbu haileti. Kabla haijapandwa hapo palikuwa na dimbwi. Hayo maji yote sasa inakunywa yenyewe."

Bwana Erasmus alicheka. "Mgomba wa bibi yako niliukata mwenyewe mwaka juzi, mlipokwisha kuvuna. Umekufa kama yeye alivyokufa. Mama Tusa, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Muangalie huyu!"

Maneno mengine mtu mzima angeyameza akiwa peke yake chumbani. Huyu aliyasema mbele za watu. Tusa alisikia masikio yanawaka moto, na machozi yakamlenga, lakini hakurudi nyuma hatua moja. Bwana Erasmus alipoona haondoki, alichukua panga lililoegemea ukuta, akaenda kwenye mgomba wa katikati, ule kijana, akaukata usawa wa kiuno. Chap! Majani yakaanguka kwa kishindo cha nguo mbichi. Maji meupe yakaruka, mengine yakatua kwenye mkono wa shati lake.

"Haya. Mti umekufa. Tumemaliza?"

"Siyo mti," alisema Tusa. "Na haujafa."

"Nini?"

"Kesho saa kama hii utakuwa umeota kuzidi kidole changu. Usipoota, nitachukua jembe ning'oe yote mwenyewe, hutalipa mtu. Ukiota, uiache."

Bwana Erasmus alitazama kile kigogo kilichokatwa bapa kikichuruzika maji. Aliwatazama wapangaji. Akaona hapa pana mchezo wa bure na mng'oaji wa bure. "Kidole kwa siku moja! Hata kucha haioti hivyo. Nimekubali. Mmesikia wote, eeh?"

"Tumesikia," alijibu Bi Somoe kutoka mlangoni kwake. Huyu alikuwa mzaliwa wa Temeke, mpika ubwabwa wa shughuli, na masikio yake hayakuwahi kupitwa na neno. "Na ahadi ni deni, baba."

Bwana Erasmus alipoingia ndani, Monica alimgeukia binti yake. "Tusa, unataka tulale nje? Hii nyumba ni ya nani?"

"Ya kwake, mama. Lakini migomba ni ya kwetu."

Monica aliyajua maneno hayo. Mama yake mzazi alikuwa akisema hivyohivyo, kwa kidevu hichohicho.

Hija, mjukuu wa Bi Somoe, alikuwa na miaka sita na maswali sitini. Aliinama juu ya ule mkato. "Dada Tusa, kama siyo mti, ni nini?"

"Angalia. Unaona mbao?"

Hija aliangalia. Hapakuwa na mbao. Palikuwa na magamba yaliyokumbatiana, moja ndani ya jingine, kama kitunguu kilichokatwa.

"Hayo yote ni majani," alisema Tusa. "Sisi tunaona shina, kumbe ni mikono ya majani imeshikana. Jani jipya linatoka chini kabisa, linapanda katikati hapa limejikunja, likifika juu linafunguka. Shina lenyewe liko chini ya udongo, ni kama kiazi kikubwa. Bibi alinichimbia pembeni nikaligusa."

"Na ndizi zinatokaga wapi?"

"Hukohuko chini. Majani yakitosha, ua linapanda mlemle katikati, linatokeza juu, linainamisha kichwa, la zambarau. Kila gamba likifunuka kuna chana ya ndizi ndogondogo. Zinaanza zikitazama chini, halafu zinajipinda zenyewe kutafuta mwanga. Mgomba mmoja unazaa mkungu mmoja tu, basi, unakufa. Lakini kabla haujafa unakuwa umeshaacha mtoto pembeni, na mtoto ana mtoto wake. Ule alioupanda bibi ulikufa kweli. Huu mkubwa ni mtoto wake, huu uliokatwa ni mjukuu. Ila kiazi ni kilekile kimetambaa. Sasa mwambie huyo baba ni upi umekufa."

Bi Somoe alikuwa amekuja na kisu kuokota majani yaliyoanguka. Yeye haachi jani la mgomba lipotee. Huliweka juu ya wali uliokaribia kuiva, akafunika, na mvuke hautoki ng'o. "Uchafu, anasema," alinung'unika. "Harusi ya binti yake getini alisimamisha nini? Migomba miwili, na aliikata hapahapa! Siku ile haikuwa uchafu. Mpira wanaochezea watoto huu hapa, majani makavu na kamba ya magome yake. Ngata zetu za kubebea ndoo hizi hapa. Marehemu bibi yako alikuwa akichoma maganda makavu, anachuja majivu, akipikia maharage yanalainika kabla hujakaa sawa. Watu wengine wanaona ndizi tu, tena ikiwa imeshamenywa."

"Ganda nalo linang'arisha viatu," aliongeza Tusa, akimwonyesha Hija viatu vyake vya shule. "Unasugua kwa upande wa ndani, unafuta na kitambaa. Kitu kibaya ni utomvu tu. Ukiwa mbichi unaona kama maji. Ukikauka, ni wino." Aliinua blauzi yake ya shule. Pembeni pa mfuko palikuwa na doa la kahawia ambalo Monica alikuwa amelipigania kwa sabuni, ndimu na dawa ya madoa, na doa likashinda.

Kabla giza halijaingia, katikati ya mkato palikuwa pamechomoza kitu cha kijani kibichi, kimejikunja, urefu wa kucha. Hija alipiga kelele mpaka akatulizwa na bibi yake. Tusa hakupiga kelele. Alitabasamu kwa kona ya mdomo.

Asubuhi, saa kumi na mbili, alitoka na mswaki mdomoni kwenda kuangalia. Mgomba ulikuwa bapa. Pale katikati hapakuwa na kitu. Aliinama, akaona: magamba ya pembeni yalikuwa yamekwisha kuwa meusi tangu jana, lakini katikati palikuwa peupe, pabichi, panatoka maji. Na chini, kwenye matope, palikuwa na kipande cha kijani kilichojikunja, urefu wa kidole kasoro kidogo. Gari la Bwana Erasmus lilikuwa limeshaondoka.

Basi huyu mtu mzima, baba wa watoto, mwenye nyumba na gari, aliamka alfajiri kumwibia mtoto kidole cha jani.

Tusa alilia. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, na hasira ya namna hiyo haitoki yote kwa machozi. Bi Somoe alikuja na khanga yake kichwani, akaona, akaanza kutukana kwa Kiswahili kizuri cha Temeke. "Huyu leo akirudi tunamwanika uani!"

"Achana naye, Bi Somoe," alisema Monica kwa woga. "Tusa, twende shule. Yameisha."

"Hayajaisha," alisema Tusa. Alifuta pua. "Ameniibia usiku mzima. Lakini mchana wangu bado ninao."

Shuleni siku hiyo hakusikia hesabu hata moja. Aliporudi, saa tisa, hakuvua viatu wala kuweka mkoba. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya bafu. Hija alikuwa pale amechuchumaa. Alikuwa ameshinda hapo akilinda, na fimbo mkononi.

"Unapanda, dada," alinong'ona. "Nimeuona."

Jioni wapangaji wote walikuwa uani, kila mmoja na kazi yake ya uongo, huyu anafua kitambaa kimoja, yule anafagia palipokwisha kufagiliwa. Bwana Erasmus alishuka kwenye gari. Alikuja kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchukua chake, na jembe mkononi, tayari kumkabidhi mtoto.

"Haya, tupime."

Tusa alimwamkia kwanza. Kisha akaweka kidole chake kirefu kwenye ule mkato. Jani lililojikunja lilikuwa limesimama katikati, la kijani, limekizidi kidole kwa kucha mbili.

Bwana Erasmus aliinama, akakodoa macho. "Haiwezekani," alisema. "Asubuhi palikuwa bapa kabisa."

Akasikia mwenyewe alichokisema. Na kwa kuwa aliunyoosha mkono kulionyesha lile jani, watu wote wakauona mkono wa shati lake, shati jingine jeupe, la Ijumaa. Matone yaliyomrukia alfajiri, ambayo alidhani ni maji, yalikuwa yamekauka. Ameshinda ofisini na madoa matano ya kahawia, akiwasalimia wateja.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema Bi Somoe, si kwa sauti kubwa.

Monica aliweka ungo chini. Alikwenda akasimama nyuma ya binti yake, akamshika mabega yote mawili, akamtazama mwenye nyumba usoni kwa mara ya kwanza tangu ahamie. Tusa aliisikia mikono hiyo, na hakuwahi kumpenda mama yake kama dakika ile.

Bwana Erasmus alibaki ameshika jembe. Macho yake yalikwenda kwenye panga, lile lile, limeegemea ukuta.

Tusa aliyafuata macho hayo. Alikwenda, akalichukua lile panga, akampelekea kwa mikono miwili, kama mtoto mwenye adabu anavyompa mkubwa kitu.

"Kata tena, baba," alisema. "Jana umekata, leo umekata. Kesho kata tena. Aliyeko huko chini humfikii."

Panga halikupokelewa. Bwana Erasmus aliegemeza jembe ukutani, akasema kitu kuhusu chakula chake kupoa, akaingia ndani.

Jumamosi fundi alikuja. Alitandaza pevingi ua mzima, na alipofika nyuma ya bafu akauliza kwa sauti, "Hapa vipi, bosi?" Dirisha la Bwana Erasmus lilikuwa wazi. Likajibu, "Hapo zunguka."

Gari likalala na tako nje ya kivuli. Mkungu ulikomaa wiki tatu baadaye, Monica akapeleka chana moja kila mlango, na mlango wa mwenye nyumba haukurukwa. Tusa aliipeleka yeye mwenyewe, akaamkia, akapokewa.

Lakini kabla ya mkungu, jani lilifunguka. Hija aliliona kwanza, akamwita Tusa mbio. Lilikuwa jani pana, jipya, linang'aa, ila ncha halikuwa nayo: lilikuwa limekatika bapa juu, pale panga lilipopita jani likiwa bado limejikunja ndani.

"Masikini," alisema Hija. "Halina kichwa."

"Ndiyo," alisema Tusa. "Na limefunguka."