Ushanga wa Mchukuzi

Jirani wa chumba cha pili anaapa aliona kwa macho yake: Mama Glasi alirudi kutoka kazini, akaloweka aproni, beseni likafura povu mpaka pembeni. Jioni mtoto wake akaogeshwa kwenye beseni lile lile. Tangu hapo miguu yake ikalegea.

"Hamira imemwingia," anamalizia jirani. "Unga unaumuka, mtu analegea."

Lilikuwa povu la sabuni tu. Lakini miguu ilikuwa imelegea kweli. Mtoto akipanda ngazi kidogo, anakaa kuhema.

Mama Glasi anaosha vyombo vya maabara ya hamira. Siku moja baada ya hapo, akifuta meza, kiwiko kiliangusha kidude cha mtafiti: shanga za rangi nne kwenye waya uliokunjwa kama jani. Shanga za mwisho zikamwagika. Aliziokota, mmoja hakuuona, akajazia mwingine kutoka kwenye kopo la shanga, akarudisha kidude mahali pake.

Mtafiti alikitazama, akacheka. "Mama, umetubadilishia mchukuzi wetu."

"Niwie radhi, mwalimu. Kilinianguka."

"Si neno. Huyu ni tRNA. Anabeba vipande vya kujengea protini ndani ya mitokondria, jiko la nguvu la hamira. Hapa palikuwa na nyekundu, umeweka bluu. Jani linakaa upande, mzigo haufiki, jiko linafifia." Akamwonyesha kisahani: madoa manene ya hamira, na pembeni mengine madogo, yamedumaa. "Hawa wana kosa la ushanga mmoja tu."

"Na watu wana jiko hilo?"

"Wanalo. Mtu hulipata kwa mama yake tu."

Mama Glasi akasuuza chupa iliyokwisha kusuuzwa. Kisha akamweleza habari za mtoto.

"Sababu ni nyingi," mtafiti alisema polepole. "Mpeleke hospitali kesho, wampime."

Nyumbani, mdogo wake alikuwa anashona kofia ya kichanga, tumbo limemjaa mapajani.

"Kwa hiyo beseni limeachiwa huru," alitania alipokwisha kusimuliwa.

"Beseni halina kosa. Labda ugonjwa unatoka kwa mama."

"Kwako?"

"Kwangu. Na mimi nimeutoa kwa mama yetu."

Sindano ikasimama. Walikuwa wa tumbo moja.

"Dada, kesho nipeleke na mimi."

Mama Glasi alitia mkono mfukoni mwa aproni. Vidole vikagusa kitu kidogo, cha mviringo. Akakitoa: ushanga mwekundu. Akaugeuza kiganjani, akaugeuza tena.