Kanga Aliyeponywa

Mbithe alikuwa mwalimu wa chekechea huko Masii alipombuni Mwendwa, kikaragosi wa ndege kanga mwenye kigugumizi. Nurudin, fundi cherehani wa mjini Machakos, alimshona kwa mabaki ya vitenge. Mbithe akampa sauti. Kwa miaka kadhaa watoto walimtazama kwenye runinga kila Jumamosi asubuhi. Mwendwa alipokwama kwenye neno, wanyama wenzake walinyamaza wakamsubiri. Hakuna aliyemmalizia. Hiyo ndiyo sheria pekee aliyoweka Mbithe, na aliiweka kwa ajili ya mwanawe, Ngui.

Sasa kampuni inayomiliki kipindi hicho ilikuwa imetengeneza filamu. Mwongozaji wake, Festus, alikuwa amekua akimpenda Mwendwa. Kabla filamu haijatoka, aliwaalika Mbithe na Nurudin kuitazama kwenye ukumbi mdogo mjini. Ngui, ambaye siku hizi ana duka la misumari na mabati, alimleta mamake kwa gari.

Mwanzoni Mbithe alitabasamu. Kisha Mwendwa akanywa maji ya chemchemi ya ajabu, kigugumizi kikaisha, akahutubia msitu mzima bila kukwama. Wanyama wakampigia makofi. Taa zikawashwa.

"Umeonaje, Mwalimu?" Festus aliuliza, macho yamemlowa.

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Samahani?"

"Umemponya. Nauliza, alikuwa anaumwa nini?"

Festus akacheka kidogo, kwa wasiwasi. "Watu wanapenda kuona mtu akishinda, Mwalimu. Halafu watoto wa siku hizi hawangoji. Ukinyamaza kidogo tu, wameshika simu."

"Kwa hivyo mtoto mwenye kigugumizi atoke hapa akijua kwamba hatapigiwa makofi mpaka apone?"

Ngui akainua mkono. "Mi-mimi nikiwa da-darasa la pili, ni-nili..."

"Ulimpenda sana Mwendwa!" Festus akamalizia kwa furaha. "Hata mimi!"

Ngui akashusha mkono.

Mbithe alisimama kwa ghafla hata kiti kikaanguka. "Hakuwa anasema hivyo! Wewe ulijuaje alichotaka kusema? Miaka yote hiyo ulimtazama Mwendwa, na hukujifunza hata hilo moja?"

"Pole, kaka," Festus alisema, uso umemwiva. "Malizia, tafadhali."

"Ba-basi," Ngui akajibu.

"Badilisha huo mwisho," Mbithe akasema.

"Siwezi. Wakubwa wameshaupitisha."

"Basi toa jina langu."

"Lakini wewe ndiye uliyemzaa, Mwalimu!"

"Huyu simjui." Akamgeukia Nurudin. "Na wewe?"

Nurudin aliizungusha kofia yake mikononi. "Langu waliache. Wajukuu wangu wanataka kuliona."

Mbithe akatoka bila kumuaga.

Wakiwa garini, Ngui alimaliza sentensi yake pole pole. Katika darasa la pili, alisema, alikuwa akijificha chooni kila wakati wa kusoma kwa sauti ulipofika. Siku moja mwalimu alimrudisha darasani, naye Ngui akaanza kusoma, akakwama. Darasa zima lilikaa kimya likimsubiri, kama wale wanyama. Tangu siku hiyo hakujificha tena.

"Hukuwahi kuniambia," Mbithe akasema.

"Ni-ningeanzia wapi, mwaitu?" akamuuliza mamake.

Mbithe alitaka gari ligeuzwe arudi akampigie Festus kelele upya. Ngui akakataa.

Filamu ilitoka likizo ya Desemba, ukumbi ukajaa, na jina la Mbithe halikuwemo. Siku ya soko Nurudin alikuja Masii na kumkuta uani akipepeta maharagwe.

"Bado umenikasirikia?"

"Sana."

"Wajukuu waliipenda," alisema. Kisha akainama. "Yule mdogo aliniuliza maji hayo yanapatikana wapi. Ana rafiki anayeyahitaji."

Mbithe aliuweka ungo chini kwa kishindo, maharagwe yakatawanyika uani. Nurudin akapiga magoti, akaanza kuyaokota, na Mbithe akamwacha aokote peke yake.