Mbuzi Aliyepotea Anaombwa Afike Dirishani

Mume wangu hutangaza mabasi kituoni, na majirani humwita Kipaza. Sauti anayo, hilo silipingi. Tatizo ni kwamba akifika nyumbani anavua sare, sauti anabaki nayo.

Miaka yote alikuwa zamu ya jioni, kwa hiyo kuwasomea watoto ilikuwa himaya yangu. Kazi yangu ni kusahihisha vitabu kabla havijachapwa. Na nikisoma, jamani, mbuzi anakuwa mbuzi na bibi anakuwa bibi. Alipohamishiwa zamu ya asubuhi, Kipaza aliniomba kitabu kwa adabu, kama mtu anayeazima suti ya harusi.

"Niachie leo, mama watoto. Hawa wanangu wananijua kwa kikohozi cha usiku wa manane tu."

Nikamwachia, shingo upande. Akasimama wima katikati ya vitanda, akajigonga kifuani kana kwamba anajaribu maiki.

"Mbuzi ameondoka nyumbani bila kuaga. Narudia: mbuzi ameondoka nyumbani bila kuaga."

Binti yetu akamtazama mdogo wake. Mimi mlangoni nikauma ulimi. Mbuzi alipopotea porini, Kipaza akainua macho kitabuni, akatangaza: "Mbuzi aliyepotea anaombwa afike dirisha la habari. Mama yake anamsubiri. Narudia..."

"Hayo hayamo kitabuni!" Uzalendo ulinishinda. "Porini kuna dirisha gani la habari, baba watoto?"

Watoto walicheka. Yeye hakucheka. Alinipa kitabu, akasema labda sauti yake ni ya abiria tu, akaenda sebuleni kupiga rangi viatu ambavyo tayari vilikuwa vinang'aa. Nilimwonea huruma, sikatai. Ila pia nilifurahi kurudishiwa kiti changu.

Kesho yake jioni nilisoma kwa ufundi wangu wote. Upepo ukavuma, fisi akacheka. Nikafika pale mbuzi anapopotea, nikanyamaza kidogo ili patishe. Pakatisha kweli. Yule mdogo akavuta shuka hadi puani.

"Mama, mtangaze."

"Nani?"

"Mbuzi. Kama baba. Sasa mama yake atampataje?"

Nikajitahidi. Nikasema maneno yale yale ya Kipaza, hata "narudia" nikaitia. Binti akanitazama kwa huruma, vile ninavyotazama mswada mbovu.

"Wewe huwezi, mama. Muite baba."

Sebuleni, Kipaza alikuwa ameshika kiatu kile kile.

"Unaitwa kazini," nikamwambia.

Alikuja mbio, vidole vyeusi kwa rangi. Akajigonga kifuani, akamtangaza mbuzi, akarudia, na shuka likashuka puani taratibu. Nilikuwa nimekaa miguuni pa kitanda na kitabu changu kisicho na kosa. Nikachomoa kalamu nyekundu, nikaongeza pembeni mwa ukurasa sentensi iliyosahauliwa: Mama yake anamsubiri.

Niliiandika mara mbili.