Mkato wa Kisigino

Katika ukoo wetu wa mafundi viatu, mtu hupimwa mguu kabla ya akili. Baba alikuwa na kisigino kinene, babu vilevile. Kaka yangu Msumari, ambaye mwili mzima ungepita kwenye tundu la sindano, nyuma ya kisigino ana mshipa kama kamba ya kuchotea maji. Ndiyo maana viatu vyote vya nyumbani tulivikata upenyo mdogo kule nyuma, mshipa upate kupumua. Tuliuita mkato wa ukoo. Mtoto akitimiza miaka kumi na mitano, anashonewa jozi yake ya kwanza yenye mkato, nasi tunashangilia.

Sababu ya unene huo tuliijua: kuchuchumaa kazini tangu utotoni. Baba alipodondoka kwenye kigoda chake akafa, ana miaka arobaini na miwili, tukasema kazi imemmaliza. Babu hakufika hata huko. Majibu tulikuwa nayo tele, jamani. Tulichokosa ni mtu wa kuuliza swali.

Aliyeuliza ni muuguzi mmoja, mteja msumbufu, aliyekwisha kunirudishia soli ileile mara tatu. Siku hiyo alisahau hata kugomba. Alikuwa akikodolea macho kalibu zetu za mti, zilizochongwa kwa umbo la mguu wa kila mmoja wetu na kupangwa rafuni.

"Hii ya nani? Mbona ina nundu nyuma?"

"Ya marehemu baba."

"Na hii?"

"Ya kaka. Hiyo ya pembeni ni yangu, na usiicheke."

Hakucheka. Aliinama, akaminya nyuma ya kisigino changu kama anayechagua parachichi, akauliza baba alikufa na umri gani. Nikamwambia.

"Kesho uje kliniki upimwe mafuta ya damu."

"Mimi? Nyama naisikia harufu kwa jirani!"

"Sijakuuliza unakula nini, mama. Nimekuuliza baba yako alikufa na miaka mingapi."

Nikaenda. Mafuta mabaya yalikuwa zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachotakiwa. Daktari akanieleza taratibu: ini langu limezaliwa halijui kufagia. Mafuta yanabaki kwenye damu, yanaganda kwenye mishipa ya moyo, mengine yanajikusanya kisiginoni. Si ulafi, ni urithi, na mzazi akiwa nao, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuupata. Akaniandikia kidonge cha kila siku, maisha yangu yote. "Na ndugu zako waje. Wote."

Ndugu zangu wote ni Msumari. Na Msumari alikuwa na miaka arobaini na mmoja na miezi saba.

"Mimi na mafuta wapi na wapi?" alisema. "Hata paka wa hapa ana kitambi kunishinda."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kaka."

"Mkuu hapa ni mimi."

"Basi jivunje mwenyewe."

Nilimbembeleza. Nikamtania. Nikanuna siku mbili, jambo ambalo kwangu halijawahi kutokea. Yeye alipiga nyundo tu, ameketi kwenye kigoda cha baba, na kila alipokohoa niligeuka kumtazama. Nilikwishamzika fundi mmoja kutoka kigoda kile. Wa pili, niliapa, simziki.

Kisha bintiye akatimiza miaka kumi na mitano. Kaka akaleta ngozi ya jozi yake, amekwisha kuichora chaki pale nyuma. Kwetu yeye hushona, mimi hukata.

"Kata," akasema.

Nikaushika mguu wa binti. Kisigino kilikuwa chembamba kama cha mtu yeyote.

"Mbona huyu hana kitu?"

"Kitajaa tu. Si damu yetu?"

Nikaweka kisu mezani.

"Kaka, umejisikia? Unautengea nafasi ugonjwa uliomuua baba, tena kwenye kiatu cha mwanao. Mimi sikati."

"Nitakata mwenyewe."

"Haya, kata."

Alichukua kisu, akakiweka juu ya chaki. Binti akawa anatutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Baba, kwani babu alikufa na miaka mingapi?"

"Arobaini na miwili."

Vidole vya binti vikaanza kuhesabu miezi. Msumari aliviona. Akalamba kidole gumba, akaifuta ile chaki mpaka ngozi ikang'aa.

"Hiyo kliniki inafungua saa ngapi?"

"Saa mbili. Jina lako lipo."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu sasa. Muuguzi analifuta kila jioni, asubuhi analiandika upya."

Mwanamume aliyechomwa na msharasi, chuma chetu cha kutobolea ngozi, kwa miaka ishirini na mitano alifumba macho mbele ya sindano ndogo kuliko zote alizowahi kuona. Binti naye akatolewa damu. Majibu yalipotoka, ya kaka yalizidi yangu. Kipimo cha moyo nacho kilionyesha mshipa mmoja umeanza kuziba.

"Umechelewa," daktari akamwambia, "ila hujakosa gari. Vidonge unaanza leo."

Kaka hakuwa akiitazama karatasi yake. "Na huyu?"

"Anayo pia. Lakini huyu amewahi sana. Akianza sasa, mishipa yake haitafika hapo ilipo yako."

"Nitameza mpaka lini?" binti akauliza.

"Mpaka uwe kikongwe."

Akacheka. Upande wa baba yake, neno hilo hakuwahi kulisikia likitumika kwa mtu.

Msumari alikimeza kidonge chake cha kwanza palepale dirishani pa dawa, akakunja uso kama aliyemeza msumari wa kweli. Kisha akaniomba kalamu. Akaandika nyuma ya karatasi ya majibu: watoto wa baba mdogo, wanne, wa shangazi, watatu, na wajukuu. Nikadhani ataiweka mfukoni. Akatoa simu, akampigia wa kwanza tungali koridoni.

"Ni mimi, kaka yako mkubwa. Vua kiatu. Sijalewa, bwana! Vua kwanza, halafu ushike nyuma ya kisigino uniambie kukoje."