Zulia la Mzee Modest

Mimi sina subira, na anayenifahamu hapa Karatu atakuambia hivyo bila kuulizwa. Ndiyo maana nilipoacha kazi ya usafi wa vyumba nikaanzisha biashara ya kuosha mazulia, nilimwomba rafiki yangu Nanyori tushirikiane. Yeye ni mtu wa kijiji cha Oloipiri, hupima jambo mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Nilitaka sabuni ya unga na dawa ya kung'arisha nguo. Akanilazimisha nijaribu kwanza kwenye zulia la mama yangu, likatoka mabaka. Mama bado amenuna. Tukachagua shampuu ya mazulia isiyo kali, brashi laini, na mashine ya kunyonya maji iliyokwisha kutumika, tuliyoifuata Arusha. Shangazi alitushauri magadi. Tulimshukuru, tukayaacha ya kupikia makande.

Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Modest, mwenye loji njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Alitupa zulia moja la mapokezi kwa majaribio. Tukifaulu, vyumba vyote kumi na viwili ni vyetu. Tuliliosha kwa siku mbili uani kwetu, na maji yakatoka mekundu hadi nikachoka kuyamwaga. Lilipokauka tukalirudisha.

Mzee alilitazama, kisha akanitazama mimi.

"Hili si langu. Langu ni la kahawia."

"Ni lako, mzee. Tumelitoa vumbi."

"Binti, miaka tisa nalikanyaga. Hata mapazia nilishonesha ya kahawia yafanane nalo. Mmenibadilishia."

Nilishikwa na hofu. Karatu ni ndogo. Habari kwamba tunabadilisha mazulia ya watu ingefika sokoni kabla yetu, na hakuna loji ambayo ingetuita tena. Hofu ikageuka hasira, nikafungua kinywa. Nanyori akanifinya mkono.

"Mzee, shikamoo tena," alisema kwa upole. "Unalo lingine la aina hii?"

"Pacha wake yuko ofisini."

"Turuhusu tuoshe sehemu ndogo tu, ya kiganja. Wewe simama hapo hapo uone."

Likaletwa hapo mapokezi, nikapiga magoti nikasugua kwa hasira zangu zote. Nanyori akanyonya maji kwa mashine. Katikati ya kahawia pakabaki duara jeupe kama maziwa. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mkewe, Mama Eunike, aliingia kutoka jikoni akaliona.

"Nilikuambia tulinunua meupe," alimwambia mumewe. "Ukasema nimesahau."

Mzee alikohoa. "Basi waoshe yote."

Nilifurahi hadi ulimi ukaniponyoka. "Na mapazia je, mzee?"

"Mapazia mapya atanunua mwenyewe," alisema Mama Eunike. "Baba Eunike, umesimama juu ya zulia safi. Vua viatu."

Mzee akavua taratibu, kimoja kimoja. Soksi zake zilikuwa za kahawia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikauzuia ulimi nisiulize kama nazo zilinunuliwa nyeupe.