Rangi ya Kijani Juu ya Lusewa

Jumatatu, tarehe 3 Februari 1908. Asubuhi ilikuwa na manyunyu, na ukungu ulifunika milima ya Matogoro.

Bwana Daktari alitandaza ramani mezani bomani Songea. Vijiji vilivyochanjwa ndui vilipakwa kijani. Visivyochanjwa viliachwa vyeupe. Aliyetembea na kuvikagua ni mimi, Kajetani. Dawa iliyobaki ilikuwa sanduku moja, nalo lilikuwa linakwenda Tunduru.

Nje barazani alikaa Biasha, mama aliyetembea siku nne kutoka Lusewa. Alisema ndui imeingia kwao, imeua tisa, wawili wanawe. Chiku, binti yake wa mwisho, bado mzima.

“Lusewa ni kijani,” Daktari alijibu bila kuinua macho.

Gaspari, mfunga vidonda wa boma, akaninong'oneza, “Heri ramani. Yenyewe haiugui.”

Nilitoka barazani. Biasha alinitambua.

“Ndiwe uliyetushika mikono.”

“Ndimi, mama. Niliona makovu kwa kila mtu, hata watoto.”

“Zile ni chale za dawa ya homa. Fundi wetu wa dawa huchanja begani.”

“Mbona hamkuniambia?”

“Uliuliza? Mtu wa boma anatazama chale zetu, sisi tukadhani anawatafuta waliochanjwa dawa ya vita vya juzi na boma. Wangapi walinyongwa kwa alama kama zile? Jumbe akatuambia tukubali lolote. Uliposema ‘vizuri’, tukasema alhamdulillahi.”

Siku ile nilikuwa na haraka. Wiki ile, huku Songea, Padri alikuwa atusikilize tukisoma katika darasa la jioni, nami katika utu uzima wangu nilitamani sana kusoma Baba Yetu kitabuni mbele ya wenzangu. Nilihesabu mabega mia na kumi na mbili, nikaondoka. Mungu anisamehe, niliisoma sala ile bila kukosea hata neno.

Nilirudi ndani, na Biasha akanifuata.

“Bwana Mkubwa, Lusewa haijachanjwa. Kosa ni langu.”

Daktari aliinua macho. “Viboko ishirini na tano. Rangi utaifuta mwenyewe.”

“Na dawa, Bwana?”

“Sanduku ni la Tunduru. Jingine litatoka pwani baada ya miezi miwili.”

“Miezi miwili,” Biasha alisema polepole. “Basi tutazikana.”

Askari alikwisha kunishika mkono. Nilimgeukia Biasha, nikasema kwa sauti ili Daktari, Gaspari na yule askari wote wasikie:

“Mama, mimi nimechanjwa, ndui hainipati. Nikishachapwa tutakwenda wote Lusewa. Nitawauguza wagonjwa, nitachimba makaburi, na Chiku nitamtenga nao. Darasani sirudi mpaka dawa ifike kwenu. Mungu ananisikia, na hawa wananisikia.”