Maryuli Mpya ya Nasra

Mwaka ule Jidda ilikuwa ikijengwa kila pembe na mishahara ikipanda. Rayya alikwenda ofisi ya misaada kumwombea binti yake Shadya nguo za shule, ambazo serikali iliwapa watoto wa wenye kipato kidogo. Karani akasoma cheti cha kazi cha mumewe Mselem, msimamizi wa mafundi kule Malaz, Riyadh.

"Mumeo kapandishwa mshahara. Mmepita kiwango."

"Tumepita kidogo tu, na kodi ya nyumba nayo imepanda."

"Kidogo nako ni kupita. Halas, basi."

Aliporudi mtaani kwao Hindawiyah alimkuta mlangoni Nasra, mtoto wa jirani yake Zuwena, kavaa maryuli, gauni la shule, jipya, la buluu, na viatu vyeusi vinang'aa. Alikuwa akijizungusha mbele ya Shadya ili alione gauni vizuri. Shadya alitazama tu, na hilo ndilo lililomchoma mama yake.

Rayya na Zuwena walitoka Unguja pamoja, mtaa mmoja. Siku zote Rayya ndiye aliyekuwa mbele kidogo kimaisha. Sasa kila alipoona lile gauni likipita dirishani, chakula kilimshinda.

Ijumaa Mselem alipopiga simu, Rayya akamuuliza, "Kwa nini ulikubali kupandishwa?"

Mselem akacheka, akidhani mzaha.

"Zuwena kapewa magauni mawili. Na viatu."

"Rayya," Mselem akasema taratibu, "unamwonea choyo Zuwena?"

Rayya akakata simu. Kumbe hata mumewe anamtetea Zuwena.

Kesho yake alikwenda kwa Zuwena, akamkuta anapindia gauni la pili.

"Heri yako, shoga," akasema. "Wewe mambo yako yanakunyookea."

Zuwena hakuinua macho. "Waliniuliza mume wako wapi. Nikawaambia yale unayoyajua: kaangukiwa na ukuta Riyadh, kafa. Wakaniuliza, una mapato gani mengine? Nikasema sina. Basi wakanipa nguo." Akakata uzi kwa meno. "Kila Mselem anaporudi, nasikia viatu vyake ngazini, namkumbuka wangu, najifungia ndani mpaka mlango wenu ufungwe. Hilo sijakuambia, kwa sababu ungeniona vipi?"

Rayya alikaa chini. Akashika upande wa pili wa gauni, akalinyoosha ili mwenziwe apate kupindia sawa.

Shule zilipofunguliwa, Rayya alimpigia pasi Shadya gauni lake la mwaka jana, akalishusha pindo. Watoto wakatoka pamoja, wameshikana mikono. Rayya akawatazama kutoka dirishani. Bado aliliona gauni la Nasra kwanza.